Msimu Mume Wangu Alipolima Bangi

Mume wangu alianza kwa kuwanyang'anya watu bangi, kisha akaenda kuilima. Kazi yake ilikuwa getini, pale kwenye uwanja mkubwa wa mpira Wembley, London. Siku za mechi na za matamasha alivaa koti la rangi ya chungwa, akapekua mabegi, na misokoto aliyoikuta akaitumbukiza kwenye pipa lenye kufuli. Akirudi nyumbani vidole vinanuka. Atanawa kwa sabuni, atanawa kwa limau, bado. Siku moja tumekaa mezani, wali unapoa mbele yake, akavinusa vile vidole polepole kama mtu anayenusa shati la marehemu, akasema:

"Hii haijawahi kunyeshewa."

"Nini?"

"Hii bangi. Imekuzwa ndani, chini ya taa. Ya shambani hainuki hivi."

Binti yetu alicheka. Mimi sikucheka. Kwetu Tanga neno bangi halikutajwa mbele ya wakubwa. Ukisema fulani anavuta, umeshamzika, hata akija kuwa shekhe watu watakumbuka. Lakini mume wangu kwao ni Kyela, ambako mvua ikishaanza watu hawaulizi itanyesha lini, wanauliza itapumzika lini. Alikulia kati ya migomba na mikakao, na anasema kila mtu alijua ni nyuma ya migomba ya nani kulikuwa na miche mingine, na hakuna aliyesema.

Hakuwa mtu wa kutulia. Flati yetu iko ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule ambayo ukinyoosha miguu unagusa televisheni. Humo ndani alikuwa akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alipanda mchicha kwenye makopo ya rangi dirishani, akapanda pilipili, mwaka mmoja alileta mche wa mgomba alioupata kwa Mhindi mmoja mwenye duka Kenton. Ulifika Oktoba ukalala chini kama kitambaa. Alikaa kando yake siku nzima. Nilijua hapo kwamba si mgomba anaoulilia, lakini sikuuliza, kwa sababu ukiuliza swali la namna hiyo lazima uwe tayari kwa jibu.

Jibu lilikuja kupitia mtu mwingine. Getini alikuwa akisimama na Mmalawi mmoja, mtu wa upande wa Nkhata Bay, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Huyo ndiye aliyemweleza kwamba kwao sasa serikali inatoa vibali vya kulima bangi ya dawa, na kwamba ndugu zake wameunda kikundi, wamepata eneo na mnunuzi kutoka nje, wanatafuta wenzao wa kuingia nao. Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo macho yamewaka kama ya mwenye homa.

"Msimu mmoja tu," aliniambia. Nilikuwa nakwangua magamba ya samaki kwenye sinki.

"Unaacha kazi uende kulima bangi."

"Bangi ya dawa. Ina kibali."

"Kibali cha nani?"

"Cha serikali."

"Na mama yako utamwambia una kibali cha serikali?"

Mama mkwe wangu ni mwanamke wa kanisa, wa mstari wa mbele, wa kitambaa cheupe kichwani. Mume wangu alishika taulo la vyombo akalikunja, akalikunjua.

"Mama nitamwambia nalima dawa," alisema.

Binti yetu, ambaye siku hizo alikuwa anakaribia mitihani ya sekondari, aliinua uso kutoka kwenye simu yake. Kiswahili anakielewa chote, hata tunapomsengenya, ila majibu yake yote ni ya Kiingereza. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba hilo ndilo jambo la kwanza la maana baba yake amewahi kulisema. Nilitaka kumrushia samaki.

Aliondoka mwishoni mwa Novemba. Alichukua buti zake za kazini, panga alilonunua kwenye duka la vifaa vya bustani, na vitamini nilizomtilia kwenye begi bila kumwambia. Tuliagana stesheni ya Wembley Park, maana hakutaka tumfikishe uwanja wa ndege. Alisema ataona kama anahama. Nikasema kwani hahami? Alinibusu kwenye paji la uso, akateremka ngazi haraka.

Siku ileile niliingiza Nkhata Bay kwenye simu yangu, kwenye ule ukurasa wa hali ya hewa. London juu, Nkhata Bay chini. London wingu la kijivu, Nkhata Bay wingu la radi. Nilijiambia naangalia mara moja tu asubuhi. Mwishowe nilikuwa naangalia kwenye foleni ya maziwa, naangalia kazini chooni, naangalia kwenye taa za barabarani zikiwa nyekundu, mpaka mtu wa nyuma ananisukuma kwa bega.

Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani. Wakati ule asubuhi zangu zote zilikuwa za bibi mmoja Stanmore, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Tanga, kwenye mtaa ambao mimi nilipita kwenda shule miaka mingi baada yake. Mwanawe na mkewe wakishaondoka kwenda kazini, Kiingereza kilikuwa kinakunjwa na kuwekwa pembeni. Tulibaki na Kiswahili, na chake kilikuwa kizuri kuliko changu, cha zamani, kisicho na haraka.

"Umechelewa binti. Treni imekwama tena?"

"Imekwama, bibi."

"Basi nipe dawa yangu, nyonga zinaniuma kama zinasagwa."

Dawa yenyewe ilikuwa kichupa cha kahawia chenye kifuniko cha kudondoshea. Alikuwa ameandikiwa na daktari wa kliniki ya kulipia, baada ya dawa nyingine zote kumfanya aone kizunguzungu. Kila asubuhi nilimdondoshea chini ya ulimi, naye alifumba macho na kukunja uso kwa uchungu wa ladha yake. Nilikuwa nimeshampa miezi mingi bila kuwaza ni kitu gani. Asubuhi moja baada ya mume wangu kuondoka niligeuza kichupa nikasoma karatasi yake, mafuta ya bangi, nikakaa kitandani kwake bila kuombwa.

"Una nini?" aliuliza.

Sikuwa nimemwambia mtu. Kwa rafiki zangu Wakenya nilisema kaenda kumwangalia mama yake, msikitini kwa watu wa kwetu nilisema hivyohivyo. Yule bibi nilimwambia yote. Nilitegemea anyamaze, au aniambie niombe kazi kwingine. Aliangua kicheko mpaka nikamshika asiteleze.

"Bhangi! Sisi siku ya Holi tulikuwa tunakunywa na maziwa na pistachio. Marehemu mume wangu mwaka mmoja alikunywa akaenda kufungua duka, siku ya sikukuu, akaanza kuupimia ukuta kanga. Anauambia ukuta, hii itakupendeza mama." Alijifuta machozi. "Mwambie mumeo alime vizuri. Hii ninayopewa ina ladha ya majani ya sabuni."

Tangu hapo kila asubuhi aliniuliza habari za shamba kabla ya kuniuliza habari zangu.

Na habari zilikuwa nyingi. Mume wangu alipiga simu kila mtandao uliporuhusu, akiwa juu ya kichuguu ambako mawasiliano yalikuwa yanashika. Nilisikia mvua kabla ya kusikia sauti yake. Aliniambia udongo ni mwekundu na unashika buti mpaka unazivua. Aliniambia wamepanda juu ya matuta marefu na kuchimba mifereji katikati, kwa sababu bangi inapenda maji lakini haipendi kusimama ndani yake. Aliniambia wanang'oa madume mapema, maana dume moja likiachwa linajaza shamba zima mbegu na maua yanakuwa hayana kazi. Nilimsikiliza huku nazunguka sebuleni, kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Sijui nilianza lini kutembea namna yake.

Mbegu zilikuwa za mnunuzi. Zilikuja kwenye pakiti zinazong'aa kutoka Ulaya, zimesajiliwa, ndizo pekee zilizoruhusiwa. Na shida ilianzia hapo. Ulaya, alinieleza, siku ya kiangazi ni ndefu mno, mche unakua bila wasiwasi, unanenepa, ndipo usiku unapoanza kurefuka nao unachanua. Kule ziwani usiku ni mrefu mwaka mzima. Mche ulitoka ardhini, ukaona giza, ukadhani msimu umeisha. Ukafika goti, ukachanua.

Mwanamke mmoja mwenye shamba la muhogo la jirani alikuja kusimama mpakani na kutazama.

"Unajua alisema nini?" mume wangu aliniambia. "Alisema, hiki ni kitoto kilichobeba mimba."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka."

Yule mwanamke aliwaonyesha ya kwao, ya kienyeji, ambayo wao huiita chamba. Ilikuwa imejiotea yenyewe ukingoni mwa muhogo wake, na akasema hiyo haidanganywi na usiku, imezoea. Mume wangu akaomba mbegu. Akazipanda upande wa chini, kando ya mfereji mkubwa, mistari michache. Nilimuuliza kama inaruhusiwa. Alisema kibali ni cha shamba. Nilimuuliza tena. Alisema mtandao unakatika.

Februari mvua haikuacha. Kwenye simu yangu lile wingu la radi lilikaa siku baada ya siku mpaka nikadhani ukurasa umekwama. Huku London ilikuwa inanyesha ile mvua yake isiyofanya kitu, isiyojaza ndoo wala kuotesha mbegu, inayokulowesha tu shingo. Nilikuwa nasafisha jiko lililokwisha safishwa. Nilipitiliza kituo cha treni, nikashuka kwingine, nikarudi kwa miguu. Binti yangu akiniuliza chakula nilimjibu kama amenitukana. Siku moja aliniambia, taratibu kabisa, kwamba siku hizi ninatisha. Nikaenda kukaa bafuni kwenye ukingo wa beseni, maji ya bomba yakitiririka ili asinisikie.

Kisha mume wangu akapiga simu ya video. Alikuwa ameshika ua moja kubwa, nono, kama ngumi ya mtoto. Maua ya mbegu ile ya Ulaya yalikuwa hivyo, yameshikamana, mazuri kwa kutazama.

"Unaona? Zima kabisa," alisema. Akalipasua kwa vidole gumba. Ndani lilikuwa la kijivu, na vumbi likapeperuka. "Ukungu. Linaoza kutoka ndani. Nje unalisifia, ndani limekwisha kitambo."

"Lote shamba?"

"Kila ninalolipasua."

Walijaribu. Walisimamisha nguzo wakafunika matuta kwa plastiki, na upepo wa ziwani ukaichukua plastiki ukaivisha miembe ya watu. Walipita asubuhi wote, wanaume kwa wanawake, wakitikisa mche mmojammoja kudondosha maji. Walikata yaliyooza wakayafukia mbali. Kila simu sauti yake ilikuwa imepungua kidogo. Nilimwambia arudi. Alisema, "Nirudi kufanya nini?" Hakusema kwa ukali, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Katikati ya hayo mama mkwe alipiga. Kutoka Kyela kwenda mpakani si mbali, na habari hazina pasi.

"Mkwe wangu, nimesikia jambo. Niambie si kweli."

"Jambo gani mama?"

"Usinizungushe mwanangu. Mwinjilisti ana ndugu huko. Eti mwanangu analima bangi."

"Ni dawa, mama. Ina kibali. Hata huku wazee wanapewa hospitali."

"Hata wanywa gongo husema ni dawa." Nikamsikia anavuta pumzi. "Mimi nilimsomesha awe mtu. Akaenda Ulaya. Nikawaambia watu mwanangu yuko Ulaya. Sasa niwaambie amerudi mpaka wapi?"

Nilisema nitamwambia ampigie. Nilikata simu nikiwa na hasira, lakini sikujua ninamkasirikia nani: yeye, mwanawe, au mimi niliyekuwa nimesimama upande wa bangi kwa mara ya kwanza maishani.

Yule bibi wa Stanmore alikuwa mgonjwa zaidi mwezi ule. Alikaa kitandani na kuniuliza, "Imepona?" Nikamwambia ya wageni imeoza, imebaki ya kienyeji. Alitikisa kichwa kwenye mto. "Ya kienyeji itakaa," alisema. Nilimwuliza anajuaje. Alisema hajui, anasema tu, kwa sababu asubuhi mbaya mtu anahitaji kuambiwa kitu.

Na kweli ilikaa. Aprili ikapita, mvua ikaanza kuwa na mapengo, na ile mistari kando ya mfereji ikapanda kama iliyokuwa inasubiri wengine wamalize. Alinitumia picha amesimama chini yake, ameinua mkono na hafiki juu. Majani yalikuwa membamba. Maua hayakuwa ngumi, yalikuwa marefu na yaliyoachana, mvua inaingia, upepo unapita katikati, unayakausha. Hakuna ukungu. Mume wangu alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, na alikuwa anacheka kwa meno yote. Sikuwahi kumwona anacheka hivyo kwenye picha yoyote aliyopigwa Uingereza.

Nitasema nilichohisi, kwa sababu ndicho kilichokuwa. Niliona wivu. Niliutazama ule mmea juu ya kichwa chake kama mke anavyomtazama mwanamke mwingine. Nikaifungua ile picha, nikaikuza, nikaifunga, nikaifungua tena.

Juni walikuja wakaguzi, pamoja na mtu wa mnunuzi. Walikagua kilichobaki cha mbegu ya Ulaya wakaandika wanachoandika. Halafu wakafika kwenye mfereji. Mkaguzi alikuwa dada mdogo mpole, mume wangu alisema, aliyekuwa anakunja suruali ili isiguse tope. Aliuliza hii ni mbegu gani. Wakamwambia. Akauliza imesajiliwa wapi.

Hakukuwa na kesi wala pingu. Aliwaeleza kwa utaratibu kwamba kilichosajiliwa ni mbegu pamoja na shamba, na kwamba mmea usiojulikana ndani yake una nini hauwezi kuwa dawa ya mgonjwa. Itabidi uteketezwe mbele yao. Mtu wa mnunuzi alichuma ua moja, akalinusa muda mrefu, akasema ni huruma sana, akalitupa kwenye rundo la kuchomwa.

Mume wangu hakunitumia chochote siku hiyo. Aliyenitumia ni yule Mmalawi wa getini, naye alitumiwa na ndugu zake, akidhani nimeshaona. Nilifungua ile video kwenye treni kati ya Kingsbury na Queensbury. Moto wa mchana hauonekani vizuri. Nilichoona ni moshi, mweupe na mzito, unaotambaa chini kabla ya kuinuka, na watu waliohamishwa upande upepo unakotokea. Na mume wangu anabeba. Wengine wamesimama, yeye anabeba mashina mabegani, anatupa, anarudi kuchukua mengine, kama mtu anayehamisha nyumba yake mwenyewe. Aliyeshika simu alikuwa anaongea lugha nisiyoielewa. Mwishoni mume wangu aligeuka akatazama kamera, na ikakatika.

Abiria wa pembeni yangu aliniuliza kama niko sawa. Nikasema ni harusi ya nyumbani. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Bibi aliponiuliza asubuhi ile nilimwambia wamechoma. "Yote?" Yote, bibi. Akanyoosha mkono wake mwepesi akanishika kifundo cha mkono, na dawa yake tukaisahau hadi karibu saa sita.

Kisha mume wangu akanyamaza. Simu yake iliita bila kupokelewa, baadaye haikuita. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia nauli mama mkwe alipopiga.

"Yupo hapa kwangu. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Anakula, analala, anakwenda kukaa kwenye mikakao." Nikasikia kuku. "Mkwe wangu, mimi niliomba iungue. Nilipiga magoti kabisa. Sasa imeungua, na sina raha."

"Na mimi mama."

"Nimempikia ndizi kila siku. Utamkuta amerudisha mwili kidogo."

Alirudi Agosti, wiki ya joto kali, London imekauka nyasi zote. Mimi na binti yetu tulikwenda kumpokea. Ndege ilitua, abiria wakatoka, familia zikakumbatiana na kuondoka, ndege nyingine ikatua, na abiria wake pia wakatoka wote. Binti yangu alikaa sakafuni. Mimi nilitembea kutoka nguzo hadi nguzo, na kila mlango ulipofunguka niligeuka kutazama. Nilikuwa nimeshaanza kutunga namna ya kumwambia mtoto kwamba baba yake hakupanda ndege.

Alitoka akiwa na soksi.

Begi mgongoni, ndevu, soksi za kijivu juu ya sakafu inayong'aa, na uso wa mtu asiyejua kama ameaibishwa au amechekeshwa. Binti yake alimkimbilia, mtoto ambaye siku hizo hakukumbatia mtu.

"Buti ziko wapi?" ndilo neno langu la kwanza kwa mume wangu baada ya muda wote ule.

Tulikaa kwenye viti vya chuma akatusimulia. Kulikuwa na mbwa, mdogo, mwenye masikio marefu, akipita kati ya watu. Alipofika kwake alinusa buti, akakaa chini mbele yake, akamtazama usoni kwa mapenzi. Mume wangu alijaribu kumkwepa, mbwa akahamia upande huo, akakaa tena.

"Wakanipeleka chumbani. Wakafungua kila kitu, hadi dawa ya meno. Ofisa akaniuliza, bwana, unafanya kazi gani? Nikamwambia, mimi ni mkulima wa bangi."

"Ulisema hivyo!"

"Ningesema nini? Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaita mwenzake, akaniambia nimwambie na yeye."

Aliwaonyesha picha za shamba, matuta, mvua, ukungu, hata za moto. Walitazama zote, na mmoja wao akauliza kuhusu ukungu, maana yeye ana nyanya zake zinaoza kila mwaka. Mwishowe hawakukuta kitu ila utomvu uliokauka pamoja na tope kwenye nyayo. Wakachukua buti, wakamwachia mwenyewe. Binti yetu alicheka mpaka akaegemea bega lake. Mimi nikacheka, kisha kicheko kikageuka, nikaficha uso kwenye shati lake. Shati lilinuka moshi wa jikoni kwa mama yake.

Ningependa kusema kwamba alitulia. Alipata kazi kwenye ghala la mboga, Park Royal, kupanga masanduku. Alifanya bila kulalamika. Lakini aliamka kabla ya saa ya kuamka, akasimama katikati ya sebule kana kwamba kuna kitu kinamsubiri nje na hakumbuki ni nini. Mimi nilikuwa nimeshazoea kuwa ninayezunguka. Sasa tulikuwa wawili ndani ya nyumba ile ndogo, tunapishana. Tuligombana kwa mambo ya kijinga, sufuria, pazia. Siku moja nilimwambia nilivyouonea wivu ule mmea. Akasema, "Mimi nilikuonea wivu wewe. Ulikuwa na mahali pa kwenda kila asubuhi."

Septemba kikundi kilimpigia. Yule dada mkaguzi, aliyekunja suruali, alikuwa ameondoka na sampuli siku ile ya moto, kwa utaratibu wa kazi yake, na majibu yalikuwa yamewavutia watu. Sasa serikali imeruhusu kipande kidogo cha majaribio, mbegu ya kienyeji peke yake, chini ya macho ya wakaguzi. Wanahitaji walioiona ikikua.

Safari hii hakunitangazia. Alizima televisheni, akakaa mkabala nami, akauliza.

"Unasemaje?"

Niliona alivyojizuia, magoti yameshikana, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kuogelea. Nilitaka kusema ndiyo na nilitaka kusema hapana, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Nikamwambia kwanza ampigie mama yake amwambie kwa mdomo wake, neno lenyewe, asiseme dawa. Alipiga palepale. Sikusikia alichojibiwa, nilimwona tu anaitikia kwa kichwa, anaitikia, mwisho akasema kwa lugha yao, "Ndaga fijo, mama," asante sana, akakaa na simu mkononi.

"Kasemaje?"

"Kasema nikipita nimletee kidogo, ya kupaka magotini."

Aliondoka Novemba. Nilimfikisha hadi uwanja wa ndege, akahama, na mara hii hakulikataa neno. Binti yetu amefaulu, yuko chuo, anampigia baba yake kuliko anavyonipigia mimi. Jana mume wangu aliniambia miche imefika kiunoni na hakuna hata mmoja uliochanua, na kwamba yule mwanamke wa muhogo sasa ameajiriwa kuisimamia, anawafokea wote. Mvua inanyesha. Alisema kuna nyumba ya chumba kimoja, bati jipya, na kwamba nikija nije na neti nzuri.

Nimeomba likizo ya Machi. Meneja hajajibu. Begi nimeshalishusha kutoka juu ya kabati, liko katikati ya sebule limefunguliwa, na kila nikipita natia kitu, nikirudi nakitoa.